Kiti cha Dirishani

Mume alikuwa fundi rangi, na watu walimwita Mluzi kwa kuwa hakupanda ngazi bila kupiga mluzi. Alipaka nyumba za watu zikang'aa, lakini dari la kwake lilikuwa na madoa tangu wahamie. Kinyozi hajinyoi. Mkewe, mshona mapazia, alimkumbusha mpaka ulimi ukamchoka.

Jioni walikuwa na meza yao ndogo, yeye upande wa mlango, Mluzi upande wa dirisha, chai katikati, uso kwa uso. Hapo ndipo walipogombana na kupatana miaka yote ya ndoa yao. Sasa mwaka ulikuwa unakwisha, kiti cha dirishani kitupu, na mke alikipangusa vumbi kila asubuhi ungedhani mwenyewe katoka tu dukani.

Maana Mluzi alipatwa na maradhi ya kinyumenyume. Mgonjwa wa pumzi ukimwinua si hupata nafuu? Huyu ukimwinua alihema, midomo na kucha zikageuka samawati, rangi ileile aliyokuwa akipaka vyumba vya watoto wa watu. Ukimlaza, pumzi inarudi. Na majirani, Mungu awasamehe, kila aliyeingia alimsukumia mto mgongoni: "Mwinueni jamani apumue!" Mke akiuondoa, wanamtazama kwa jicho la pembeni.

"Lile doa la pembeni lina masikio," Mluzi alisema siku moja, kalala chali.

"Si nilikwambia ulipake?"

"Nitalipaka."

Mke alicheka, kisha akaenda jikoni akalia. Alimtamani mtu aliyekuwa chumba cha pili.

Daktari aliwaeleza polepole. Kosa halikuanzia mapafuni. Ini lilikuwa limejaa makovu, na kwa ajili hiyo vijishipa vya mapafu vimetanuka mno, damu inapita bila kubeba hewa ya kutosha. Akikaa, damu inateremkia chini ya mapafu, kwenye vijishipa vibovu zaidi. "Oksijeni itamshikiza," alisema, "ila dawa ya kuliondoa tatizo hili hatuna. Tiba ni ini jingine. Ndugu mwenye afya anaweza kumkatia kipande, likakua kwa wote wawili. Lakini msikae sana, hali yake inashuka."

"Nikateni mimi," mke alisema hapohapo.

Wakampima. Damu zikakataana. Lo! Kitanda kimoja miaka yote ile, damu zao hazijuani. Iliyomuuma zaidi ni kujua sasa amwendee nani.

Alibaki wifi yake, dada pekee wa Mluzi, muuza viatu sokoni. Mwanamke yule alikuwa na ulimi, usiombe. "Wifi yangu ananikata maini," mke alizoea kuwaambia watu, na maneno yana miguu, yakamfikia mwenyewe. Tangu hapo hata salamu hakuna.

"Karibu, unavaa namba ngapi?" wifi aliuliza bila kuinua uso, akikung'uta kiatu vumbi.

"Sikuja kununua, wifi. Nimekuja kuomba."

"Sema basi. Au nimeshakukata maini?"

Machozi yakamtoka mke. "Leo nataka ukatwe wewe."

Akamweleza yote. Wifi akacheka mpaka akakalia rundo la viatu, halafu kicheko kikakatika. "Ugonjwa wa kaka yangu nausikia kwa wateja! Ningekuja kwako, si ungenifukuza?"

"Nisingekufukuza."

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza," mke alikubali.

Wifi akavuta turubai, akafunika viatu vyake. "Twende huko kwenye visu."

Vipimo vikakubali, upasuaji ukapita salama. Lakini Mluzi alirudi nyumbani na mashine yake ya oksijeni, na bado akawa wa kulala. Mapafu yana mwendo wao, daktari alisema, subirini miezi. Wifi alipona, akarudi sokoni na ulimi wake uleule. Mke alishukuru, tena sana. Ila shukrani haikai kwenye kiti. Aliendelea kupangusa vumbi.

Jioni moja wifi akaja kuwaona, akajitupa moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani. Mke akashtuka. "Wifi, hicho..."

"Inuka kwenye kiti changu," ilisema sauti kutoka mlango wa chumba cha kulala.

Mluzi alikuwa amesimama, mkono ukutani. Akajikokota bila mashine, akaketi. Mke akammiminia chai, macho kayakaza kwenye kucha zake, akingoja samawati. Haikuja. Akangoja tena. Mluzi akapuliza chai ipoe, na katikati ya kupuliza ukapenya mluzi mwembamba, hafifu.

"Pumzi hiyo ina mkono wangu," wifi akasema. "Usiimwage ovyo."

Mke hakumsikia. Alikuwa bado anatazama zile kucha.

"Mke wangu," Mluzi akamwambia, "mimi niko huku juu."

Akainua uso.