Aliyeniita Silangani

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga wanambuzi tu, sijaaminiwa mbuzi wakubwa, nyanya yangu, tuliyemwita Ayeeyo, alinipa sheria moja kuhusu maji. Tuliishi nje kidogo ya Modogashe, karibu na bwawa lililochimbwa kwa tingatinga, ambalo kwetu huitwa silanga. "Maji yakipungua," aliniambia, "mwenyewe hulala juujuu. Ukisikia jina lako, usiitike. Na wewe usimwite mtu kwa jina. Anayeitika huchukuliwa." Mwenyewe wa maji ni nani? Hakusema, nami nilikuwa na akili ya kutouliza.

Mwaka mmoja mvua ilitunyima kabisa. Silanga lilibaki na maji ya magotini, lakini chini yake kulikuwa na tope la kumeza mtu mpaka kiunoni. Vijana walifunga mitungi mitupu chini ya mlango mkuukuu, wakawa wanaupanda kwenda kuchota katikati, penye maji yenye nafuu.

Alasiri moja Ayeeyo alikuwa anaswali karibu na lango la ua wa miiba uliozunguka silanga. Nikageuka, namwona mwanambuzi wangu wa pekee, yule mwenye sikio jeupe, amefuata majani mabichi hadi kwenye kijisiwa cha tope kule katikati, nyuma ya matete, na miguu yote minne imezama. Analia kama mtoto wa mtu. Ayeeyo ndiye aliyenipa, awe mwanzo wa kundi langu. Nimwache? Thubutu! Nikasema bismillah, nikapanda ule mlango, nikapiga kasia kwa kipande cha ubao. Mlango wenyewe mkaidi, kila nikipiga kulia unanipeleka kushoto.

Nilifika nyuma ya matete. Nilikuwa nimeshamshika mwanambuzi shingoni niliposikia, "Sahra! Sahra, rudi!"

Ilikuwa sauti ya Ayeeyo. Wallahi ilikuwa yake, na kile kikohozi chake kidogo mwishoni. Lakini ilitoka ng'ambo, kusiko na mtu, siyo langoni nilikomwacha. Nimtii Ayeeyo anayeniita, au nimtii Ayeeyo aliyenikataza kuitika? Ikaita tena. Nikauma ncha ya mtandio wangu, nikamvuta mwanambuzi kwa nguvu zangu zote, sikuitika.

Nilipotokeza upande wa pili wa matete nikamwona Ayeeyo mwenyewe, ndani ya silanga, tope limemfika mapajani, jilbabu imelowa chapachapa. Alikuwa anapapasa chini ya maji kwa mikono miwili. Alikuwa ananitafuta.

Nilimsogezea mlango, akaulalia kwa kifua, tukajikokota hadi ukingoni huku mwanambuzi akitukanyaga wote wawili. Hapo akanishika uso kwa mikono yake yenye tope.

"Nimekata swala," alisema akihema. "Ulikuwa unaniita. Ulisema, 'Ayeeyo, nazama.'"

"Sikuita, Ayeeyo. Wewe ndiye uliyeniita."

"Mimi? Nitaje jina lako juu ya maji haya? Astaghfirullah!"

Nilianza kulia, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo moja tu katika yote yale.

"Ulisema anayeitika huchukuliwa. Mbona wewe ukaitika?"

Akakamua jilbabu yake kwa hasira. "Na kama ingekuwa ni wewe?"

Mwaka mzima nililala nimemshika nguo, nikingoja achukuliwe. Hakuchukuliwa. Aliishi hadi akambeba kifungua mimba wangu. Nami mpaka leo hesabu hii inanikataa. Labda yeye alisikia kilio cha mwanambuzi, sawa. Na mimi je, nilisikia nini? Kama ni mwenyewe wa maji, mbona aliniambia nirudi? Mume wangu husema ulikuwa upepo. Upepo wenye kikohozi, jamani?

Kiangazi kilichopita nilitoka Garissa na binti yangu mdogo kwenda kuwasalimu jamaa. Silanga bado lipo, na maji yalikuwa ya magotini vilevile. Kabla sijageuka, mtoto alikuwa ameingia, anarusha maji kwa viganja na kusonga mbele kuelekea matete. Nikafungua mdomo kumwita, nikakumbuka sheria ya Ayeeyo. Nimtaje jina, nisimtaje? Wallahi sikujua. Nilisimama pale kama mjinga, mama mzima.

Yeye akasimama, akageuka kunitazama.

"Hooyo, umeniita?"

Sikuwa nimetoa sauti. Miguu yangu ilikuwa imeshaingia topeni.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Ni mimi. Njoo."