Kidawa Aliyekataa Mguu wa Matambara

Watu wa kisiwa cha Chole walicheka siku ile mpaka wengine wakashika mbavu. Kikundi cha maigizo cha Mwalimu Laurean kilikuwa uwanjani karibu na zahanati, saa kumi alasiri, na katikati ya duara kijana mmoja alikuwa akichechemea na mguu uliofungwa matambara juu ya mto wa kulalia, mnene kama gogo. Alikuwa anaigiza mgonjwa wa matende. Kila akipiga hatua mto uliteleza, akauvuta juu kwa mikono miwili, na watu wakaangua kicheko upya.

Kidawa binti Mansuri alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta. Kicheko chenyewe hakikumuumiza sana. Kilichomuumiza ni wanawake wawili waliokuwa mbele yake. Waligeuka kidogo, wakatupa macho kwenye buibui lake lililoburura mchanga, kisha wakageuka tena haraka na kujitia kutazama mchezo. Hapo akajua kwamba siri aliyoificha miaka kumi na saba ilikuwa siri kwake peke yake.

Mguu ulimwanza akiwa na miaka ishirini na sita. Ilikuja homa ya mtoki, ya kutetemeka mpaka meno yakagongana, na ilipopoa mguu wa kulia ukabaki umevimba. Homa ikarudi, ikarudi tena, na kila iliporudi mguu uliongezeka. Nyumbani ilisemwa ameruka kafara la mtu lililotupwa njiani. Mumewe alistahimili miaka miwili, kisha akampa talaka na kuhamia Kilindoni. Kidawa akabaki na binti mdogo na mama mzee. Ndiyo kwanza hifadhi ya bahari imeingia, nyavu za macho madogo zimepigwa marufuku, na wanawake wengi wa Chole walikuwa wanajifunza kulima mwani. Naye akachukua kamba zake. Kila bamvua, maji yalipotoka kabisa, alikuwa kule mbali kwenye mchanga, ameinama anafunga mwani. Wenzake walikunja nguo zao mpaka magotini. Yeye hakukunja, akarudi nyumbani kila siku amelowa mpaka kiunoni. Kwa mwani huo alimsomesha binti, akamtunza mama yake mpaka siku ya kumzika, na akaezeka nyumba bati.

Asubuhi baada ya mchezo alikwenda zahanati kabla foleni haijaanza. Sista Clotilda, muuguzi aliyetoka Bukoba, alikuwa mwaka wake wa tatu pale Chole. Yeye ndiye aliyemwomba Mwalimu Laurean aunde kikundi, kwa sababu mwaka uliotangulia, tembe za matende zilipogawiwa, karibu nusu ya nyumba zilifunga milango. Ilivumishwa kwamba zinakata uzazi.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya ule mguu wa jana."

"Mguu gani?"

"Ule wa matambara. Mwenye matende hatembei kama mlevi. Anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, hataki imwagike."

Sista akaweka kalamu mezani. "Umejuaje?"

Kidawa akaenda kufunga mlango, akarudi kukaa kwenye benchi, akapandisha buibui mpaka gotini. Alimtazama Sista usoni, akingoja ashtuke. Sista hakushtuka. Alipiga magoti sakafuni, akauinua ule mguu kwa mikono yote miwili, akachunguza katikati ya vidole palipokuwa na vidonda vibichi vya maji ya chumvi.

"Nani mwingine amewahi kuuona?"

"Tangu mama afe, hakuna."

Sista akaleta beseni, maji safi na kipande cha sabuni. Akauosha taratibu, kidole kwa kidole, akaukausha kwa kitambaa, na huku anaosha anaeleza. Ugonjwa huu huletwa na mbu. Zile tembe za kila mwaka huwaua vijidudu vichanga kwenye damu, ili mbu asipate cha kumpelekea mwingine. Mguu wenyewe hautarudi ulivyokuwa. Lakini ukioshwa kila siku, ukikaushwa vizuri, ukiinuliwa wakati wa kupumzika, vidonda vitafunga na zile homa zitapungua.

Kidawa alikitazama kile kipande cha sabuni. "Miaka kumi na saba," akasema. "Na sabuni ninayo nyumbani."

"Hukuambiwa, Bi Kidawa."

"Ningemwuliza nani, na mimi nimeuficha?" Akashusha buibui, akasimama. "Mwambieni yule kijana avue mto wake. Mimi nitaingia."

Mwalimu Laurean alipoletewa habari alisita. Alikuwa mtu mwema, ila mwenye hofu ya kuwaudhi wenyeji. "Watu watakucheka, mama yangu."

"Wamekwisha kucheka, mwalimu. Sasa nataka wacheke huku nawatazama."

Mazoezi yalikuwa kazi. Mwalimu alikuwa ameandika maneno kwenye daftari, na Kidawa hakujua kusoma. Akasomewa, akayarudia, yakatoka makavu kama hotuba ya serikali. Siku ya tatu alisimama katikati ya sentensi akasema, "Hakuna mtu anayesema hivi." Akaanza kueleza kwa maneno yake siku ya homa ilivyo: unavyosikia baridi jua likiwaka, mtoto anavyokuja kuuliza chakula nawe huwezi kunyanyuka, jirani anavyokusalimia kutoka mlangoni bila kuingia. Mwalimu akafunga daftari. Tangu siku hiyo walicheza bila karatasi.

Habari hazikukawia kufika kwa kaka yake. Muhidini alikuwa fundi wa kuunda mashua, mkubwa kwake kwa miaka mitano, na tangu baba yao afariki ndiye aliyesimama mahali pake. Alikuja jioni, akakataa chai, akakaa ukumbini kwa uangalifu wake uleule, akikitandaza kikoi mapajani.

"Nasikia unataka kwenda kujianika mbele za watu."

"Nakwenda kuigiza, kaka."

"Kuigiza ni kujifanya usichokuwa nacho. Wewe unacho. Huko ni kujianika, na aibu yake si yako peke yako. Binti yako ana wachumba wanaokuja. Mimi nina jina."

"Na wale watoto wanaoumwa na mbu kila siku, wao wana nini?"

"Kidawa, ukiingia uwanjani pale, usinihesabu kuwa kaka yako."

Kidawa alilijua, kama Chole nzima ilivyojua, jambo ambalo halikusemwa nyumbani mwao: kwa nini Muhidini alikuwa ameacha kuvaa suruali tangu miaka sita nyuma, kwa nini alichagua vikoi vipana na kutembea miguu imeachana. Neno moja tu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na lingemnyamazisha. Akalimeza. Akasema tu, "Mimi nitakuhesabu," akamsindikiza mpaka mlangoni.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Kidawa aliingia ameificha mikono ndani ya kanga. Mchezo ulimtaka aketi, ajinyooshe, aite binti yake. Aliketi. Kisha akakunja kanga mpaka gotini.

Hakuna aliyecheka. Kuku wa jirani walisikika wakiparura majani. Kidawa akasahau maneno yote. Angenyanyuka kukimbia, lau Bi Mize, kikongwe aliyekuwa mstari wa mbele kwenye jamvi, asingeuliza kwa sauti yake ya kawaida, "Unauma, mwanangu?"

Swali hilo halikuwamo mchezoni. Kidawa akamjibu. Alimwambia unauma lini na hauumi lini. Mwanamke mwingine akauliza kama unaambukiza kwa kugusana. Mwanamume mmoja akauliza kama ni kweli tembe zinakata uzazi, na Sista Clotilda akaingia katikati ya duara akajibu, na kumwonyesha mtoto wake mgongoni aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kuzimeza. Mchezo wa nusu saa ukachukua saa mbili. Muhidini hakuja.

Miezi michache baadaye wakaja watu wawili kutoka Dar es Salaam na kamera, wa shirika moja la afya, wakataka kuufanya mchezo ule filamu ili uonyeshwe Chole na kisiwa kikubwa cha ng'ambo. Walipiga picha siku tatu. Mpiga picha alitaka kumfunika Kidawa uso, kwa kumhurumia. Alikataa. Alisema mguu usio na uso ni kama ule wa matambara, watu watadhani umetengenezwa. Akaomba pia aseme jambo moja ambalo halikuwa mchezoni, akalisema akiitazama kamera.

Filamu ikaanza kuzunguka, na uvumi ukaitangulia. Ulipofika Chole ulikuwa umekua: kwamba Kidawa amemtaja kaka yake kwa jina.

Kule Baleni, kwenye kisiwa kikubwa, waliionyesha mchana, darasani, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Watu walikaa mpaka kwenye madirisha yenyewe. Kidawa alikuwa pembeni ya mashine ya kuonyeshea filamu, maana baada ya filamu ndiye aliyejibu maswali, na katikati ya onyesho akamwona Muhidini amesimama mlangoni. Kaka yake alikuwa amevuka maji na kusafiri njia yote ile kuja kusikia alivyosemwa. Walikuwa hawajasemezana kwa miezi mitano.

Ukutani Kidawa wa filamu alikuwa anasema: "Mimi ugonjwa wangu nimeuvalisha buibui. Mwanamume naye ana wa kwake, anauvalisha kikoi, anasema ni madafu aliyokunywa utotoni. Ni mbu huyohuyo mmoja. Ila busha linapasuliwa, mtu akarudi nyumbani mzima. Mguu wangu haupasuliwi. Ningekuwa na la kupasuliwa, ningekwenda kesho."

Hakutaja jina la mtu. Wanaume wa nyuma walikohoa, wakakaa vizuri. Muhidini alibaki mlangoni mpaka mwisho wa maswali, na watu walipotoka akamfuata dada yake chini ya minazi, nyuma ya darasa.

"Hukunitaja," akasema.

"Nikutaje kwa lipi?"

Akatazama chini, akachezea ncha ya kikoi. "Huko kupasuliwa. Mtu hulala siku ngapi?"

"Muulize Sista, ndiye ajuaye. Kukupeleka nitakupeleka mimi."

"Kidawa, naogopa."

Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Hakumfariji kwa maneno mengi. "Na mimi niliogopa," akamwambia. "Siku ile uwanjani niliificha mikono kwenye kanga."

Muhidini alipasuliwa miezi miwili baadaye. Mshono mmoja ulitunga usaha, akalala hospitali wiki moja zaidi, akanung'unika kila siku, na kila siku Kidawa na wifi yake Zuena wakapokezana kumpelekea uji. Siku aliyorudi kazini, Muhidini alionekana amevaa suruali, na Chole nzima ikaelewa bila kuambiwa. Kabla mwaka haujaisha mafundi wenzake watatu wakaenda. Hakuna aliyemwona akiwashawishi. Zuena alisema tu kwamba chai ya saa nne pale wanapoundia mashua ilikuwa inachukua muda mrefu kuliko zamani.

Mwaka huo tembe zilipogawiwa tena, milango mingi ilifunguka. Si yote. Mguu wa Kidawa haukurudi kuwa kama mwenzake, ila vidonda vilifunga, na homa iliyokuwa ikimwangusha kila mwezi sasa humjia mara moja kwa mwaka, au isije. Binti yake aliolewa na kijana aliyeiona filamu kabla ya kuleta posa. Sista Clotilda alihamishiwa bara, akamwachia Kidawa beseni na karatasi zenye picha za namna ya kuosha mguu, kwa kuwa hata asiyejua kusoma huzielewa.

Kuna kijiji kimoja upande wa kaskazini wa kisiwa kikubwa ambako Kidawa na wenzake walirudishwa na filamu yao. Wazee wawili waliwapokea barabarani, wakasema mwanamke kuonyesha mguu ni fedheha, na hawataki picha hiyo kwao. Mwalimu Laurean aliomba radhi, akageuza gari. Njiani Kidawa akauliza kijiji kile kina wagonjwa wangapi. Mwalimu akasema hajui, hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuwahesabu.

"Basi bamvua hili likipita turudi," akasema. "Nitaingia kwa wanawake kwanza, nyumba kwa nyumba, bila kamera."

Wakarudi. Mara ya pili walikataliwa tena, ila safari hiyo waliambiwa kwa upole zaidi, na mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga uani akamwita Kidawa ndani anywe maji. Kidawa akaingia, akakaa, akakunja kanga yake mpaka gotini.