Picha Niliyoiita Huzuni

Bora niseme mwenyewe yaliyonikuta Tororo mwezi uliopita, maana walioshuhudia ni wengi na watatia chumvi.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Busia, upande wa Kenya, ila nikipata nafasi huvuka mpaka kupiga picha za mashamba. Asubuhi moja kule Molo ya Tororo, si ile ya Kenya, nilimwona mama amesimama kwenye ukungu, mikono kichwani, ukingoni mwa shamba tupu. Alikuwa akipaza sauti kwa Kidhopadhola, nisichokijua hata neno. Nikaona hayo ni maombolezo, nikapiga picha kimya kimya nisimkatize.

Kanisa moja la Tororo lilipoandaa maonyesho, niliitundika picha hiyo ukutani. Nikawaeleza watu kwa sauti ya chini kwamba mpiga picha wa kweli hapigi udongo, anapiga hisia. Nilisema mama huyu ni mjane anayelilia mvua. Mtu mmoja akafuta machozi, nami nikazidi kunogewa.

Ndipo mama aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Mtoto yangu, huyo ni mimi. Na bwana yangu ni huyu."

Mzee aliyekaa kando yake akanipungia mkono.

"Sasa mama, ulikuwa unalilia nini?" nikamuuliza.

"Mimi hapana lia. Simsim yangu ilikuwa imeota juzi tu. Mimi naita wewe, toka, toka! Na wewe nafunga jicho moja, narudi nyuma, nakanyaga ingine."