Wasifu wa Marehemu Ambaye Bado Anakunywa Chai

Kilichonifanya nishike kalamu ni msiba wa jirani yetu hapa Mbalizi. Wasifu wa marehemu ulisomwa chini ya turubai: alikuwa mpole, mkarimu, mpenda watu. Mtu huyo alikuwa anawafungulia mbwa watoto waliookota mapera yake. Nikacheka. Si sana, lakini msibani hata kicheko kidogo kinasikika. Mke wangu alinifinya paja mpaka nikanyooka.

Njiani nikamwambia, "Wa kwangu nitaandika mwenyewe. Sitaki kusingiziwa upole."

"Hakuna atakayekusingizia," akasema.

Shule niliishia darasa la tatu, na sioni aibu. Nina mashine mbili za kukoboa mpunga, na waliofika chuo wananiamkia. Basi nikanunua daftari, nikakaa mezani, nikaandika kwa herufi kubwa: MAREHEMU ALIZALIWA KILOLO. Halafu: ALIANZA KWA KUUZA NYANYA BARABARANI ILULA. Halafu sentensi niliyoipenda kuliko zote: ALIJIINUA MWENYEWE BILA MSAADA WA MTU YEYOTE. Nikaacha daftari wazi, nikaenda kuangalia mashine.

Mke wangu akaja kufuta meza, akasoma. Akampigia simu mdogo wangu wa kike aliyeko Kilolo, analia, kwamba kaka yako ameshaandika wasifu wake.

Kesho yake jioni nilikuwa nje naosha gambuti, nikasikia kilio kinatoka barabarani. Kwetu mfiwa analia tangu mbali ili wenye msiba wajue amefika. Nikafungua geti mwenyewe; kumbe ni mdogo wangu wa Kilolo.

"Kamwene," nikamsalimia. "Amekufa nani?"

Akanyamaza. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kofia. "Wewe."

"Mimi si huyu hapa?"

"Nakuona! Na nimelia tangu Makambako!"

Majirani nao walishasikia, wakaja na viti. Mchungaji akaja na Biblia. Ikabidi nisimame getini niwatangazie wote kwamba sijafa. Wengine waliondoka na viti vyao wakinung'unika, kama vile nimewavunjia ahadi.

Mchungaji alibaki. Ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, lakini maneno anayo. Akasoma ukurasa wangu.

"Mzee, hapa unamwandikia nani?"

"Watu wa kwenye turubai."

"Hao watakuwa wanawaza wali. Mwandikie Mungu. Toa 'marehemu', weka 'mimi', na kila sentensi uisome kwa sauti kama unavyoomba. Kuandika maisha yako nako ni sala."

"Mungu si anayajua tayari?"

"Anayajua. Tunataka na wewe uyajue."

Nilitaka kumtoa nje, ila chai yake ilikuwa bado ya moto.

Asubuhi nikakaa na daftari. "Ee Baba, mimi nilizaliwa Kilolo." Hiyo ikapita. "Nilianza kwa kuuza nyanya Ilula." Ikapita. "Nilijiinua mwenyewe bila msaada wa mtu yeyote." Mdogo wangu, aliyekuwa jikoni na mke wangu anamenya viazi, akakohoa.

"Una mafua?"

"Hapana, kaka. Endelea kusali."

Nikarudia. Akakohoa tena.

"Sema basi!"

"Zile ndoo za nyanya zilifikaje barabarani?"

"Ulibeba wewe. Ulikuwa mtoto, unabeba tu."

"Nilibeba tu! Shingo hii mpaka leo haigeuki kushoto. Nikiitwa nageuka mwili mzima kama trekta. Na wewe ulikuwa umetangulia na fimbo, eti unafukuza nyoka."

"Nyoka walikuwepo."

"Ulimwona hata mmoja?"

Nikawaambia wanawake waniache na Mungu wangu. Nikafunga mlango. Nikajaribu ile sentensi kwa kunong'ona, halafu haraka haraka, halafu kwa Kihehe. Ikagoma. Mimi nimebishana na watu wa ushuru, nimebishana na wenye mpunga wa Usangu wanaokanyaga mzani kwa ujanja huku wakipima magunia, na sijawahi kushindwa. Lakini hapa nilikuwa nabishana na nani?

Nikiitoa, nabaki na nini? Wanangu wamelelewa na sentensi hiyo. Kila aliyefeli mtihani ameisikia, kila aliyeomba hela ya viatu ameisikia. Ndiyo heshima yangu yote. Bila hiyo mimi ni mtu wa darasa la tatu aliyebebewa nyanya na mtoto wa kike.

Kuomba kwenyewe siku zote nimeomba kama mtu anayeagiza mzigo: leta hiki, leta na kile, fanya haraka. Asubuhi hiyo nilikaa na Mungu mpaka chai ikapoa, na sikumwagiza kitu. Tulikuwa tunatazamana tu, na sentensi iko katikati.

Mwisho nikaifuta. Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake nikaandika: "Mdogo wangu alibeba, mimi nikauza." Nikaisoma kwa sauti kubwa ili wa jikoni nao wasikie. Hakuna aliyekohoa. Kisu tu cha viazi kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Nikafungua mlango. Mke wangu alikuwa amesimama hapo hapo.

"Umemaliza?"

"Nimefuta uongo mmoja."

"Mmoja tu?" Akajifuta mikono kwenye khanga, akavuta kiti, akakaa mbele ya daftari. "Haya. Sasa tuje kwenye ndoa."