Chumba cha Nyuma ya Diski

Niliposikia mara ya kwanza kwamba ndani ya kompyuta yangu kuna sehemu iliyofichwa, nilidhani ninachekwa. Nilikuwa nimekaa kitandani, maana kiti cha pekee alikuwa amekikalia mwalimu. Nikamuuliza, imefichwa na nani? Akasema, na mimi. Mtu akija kwako akakwambia amekufichia kitu ndani ya kitu chako mwenyewe, unashukuru au unaita majirani? Mpaka leo sijui.

Huyo mwalimu alikuwa binti wa kanisani kwetu, akiishi mtaa wa Tena na dada yake, akifundisha watu kompyuta kwenye chumba cha kukodi. Mimi niliacha shule darasa la nne, kwa hivyo kila ajuaye kusoma bila kusogeza midomo nilimwita mwalimu. Lakini yeye alikuwa mwalimu wa kweli.

Mashine yenyewe ililetwa kwangu, mtaa wa Mbotela, na shemeji yangu, kaka ya marehemu mke wangu. Alikuwa karani mjini, na ofisi yao ilipopata kompyuta mpya, zile kuukuu wakagawiwa wafanyakazi. Alikuja nayo imefungwa kwa blanketi, akaiweka mezani, akasema, "Shemeji, hii ni yako. Patasi huwezi kushika tena, lakini kubonyeza herufi unaweza. Wachapie watu programu za mazishi. Hapa Mbotela watu hawakosi kufa."

Sikucheka. Nilikuwa mchongaji. Banda letu la kuchonga liliungua tukiwa ndani, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na mwenye banda, eti tusitoke na vinyago vyake. Wenzangu wawili hawakutoka. Mimi nilitoka na vidole vitatu vinavyokunjika. Nikisimulia hivi watu huniambia niache kulaumu, ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa na ufunguo wa lile kufuli. Aliyekuwa nao namjua, na nyumba anayolala naijua.

Basi nikajifunza kuchapa kwa kidole kimoja, nikawa mtu wa programu za mazishi, zile karatasi zenye ratiba ya ibada na sifa za marehemu. Kazi ilikuwepo, shemeji hakukosea.

Sasa kuhusu kaseti. Sisi tuliotoka Ukambani tulikuwa na desturi ya kutumiana kaseti. Mama asiyejua kusoma humwandikii barua ikasomwe na mtoto wa jirani, mambo yako yakajulikana kisimani kote. Unakaa mbele ya redio, unabonyeza vitufe viwili pamoja, unaongea Kikamba chako mpaka umalize, kisha kaseti anapewa mtu wa basi linalokwenda kwenu. Mke wangu alirekodi moja kwa ajili ya mama yake akiwa tayari anakohoa. Haikufika kwenye basi. Alilazwa, hakurudi. Kaseti ikabaki ndani ya redio, na hiyo ndiyo sauti yake yote niliyobaki nayo duniani.

Niliicheza sana. Utepe ukaanza kulegea, sauti ikawa inazama na kuibuka, siku nyingine mke wangu anaongea kama mwanamume. Nikamwambia mwalimu baada ya ibada. Akaja na waya, ncha moja akaichomeka kwenye redio, ya pili nyuma ya kompyuta, tukakaa kimya mke wangu akiongea mpaka akamaliza. "Ameingia," mwalimu akasema. Sikulipenda neno hilo, lakini nilibonyeza kale kapicha alikokaweka kwenye kioo na kweli akaongea. Haukupita muda redio ikaula ule utepe, ukatoka umejikunja na kukatika vipande. Kaseti ikawa imekwisha. Alikuwa amebaki ndani ya mashine tu.

Hapo ndipo mwalimu alipofanya ile kazi yake ya kuficha. Alishinda nayo mchana mzima.

"Baba, hawa wateja wako wanakuletea disketi zenye virusi. Siku moja mashine itakataa kuwaka. Kwa hivyo nimeigawa diski mara mbili. Sehemu moja unaiona, ndiyo unayofanyia kazi. Ya pili nimeificha. Humo kuna nakala ya mashine nzima ilivyo leo, pamoja na sauti ya mama. Ikikataa kuwaka, weka disketi hii, washa, ikikuuliza jibu ndiyo. Itarudi ilivyo leo."

"Leo hii?"

"Leo hii."

"Na nitakayochapa kesho?"

"Ya kesho yatapotea. Itarudi leo."

Nilijaribu kuelewa kwa nyumba yangu. Nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, ni ndogo, na wengi wetu tulikuwa tumetia patisheni, mbao nyembamba katikati ya chumba, na nyuma yake umempangisha mtu. Watu wa kanjo wakija kukagua, unasukuma kabati mbele ya kile kimlango, nao wanaona chumba kimoja. Mpangaji wako yuko pale nyuma, amekaa kimya, hata kukohoa hakohoi. Nikamuuliza mwalimu kama ni hivyo. Akacheka, akasema ndivyo hasa, hata jina ni hilo hilo. Lakini kuna kitu hakikuniingia. Nyumba ikitiwa patisheni, mwenye nyumba anabanwa. Mimi mbona sikuhisi kubanwa? Na mke wangu, sasa yuko chumba cha mbele au cha nyuma?

"Yuko kote kuwili, baba. Wa nyuma ni wa akiba. Na usiwaambie watu, wataanza kuchokora."

Nikashika hilo. Wa akiba, na nisiseme.

Shemeji alikuja Jumamosi moja na rafiki yake wa mtaa wa Huruma, fundi wa televisheni ambaye siku hizo alikuwa ameanza kujiita fundi wa kompyuta. Nikawawekea chai. Fundi akashika kipanya, akachungulia hapa na pale, kisha akageuka polepole.

"Buda, hii mashine ilikuwa na giga ngapi?"

"Mbili," shemeji akajibu. "Nilisaini mimi mwenyewe nikiichukua."

"Sasa iko na moja na kidogo."

Kama hujaishi mitaa yetu ya Eastlands huwezi kujua maneno hayo yalivyotupata. Sisi sote tumewahi kupeleka redio kwa fundi ikarudi na vyombo vya redio nyingine. Saa inarudi na roho ya saa ya mtu mwingine. Ukipeleka televisheni, unakaa hapo hapo karibu na fundi mpaka akaze skrubu ya mwisho. Kwa hivyo kitu kikipungua baada ya fundi kukigusa, hakuna kesi ya kusikizwa. Kuna mwizi.

"Nani ameshika mashine?" shemeji akauliza.

"Yule binti wa kanisani. Alisema ameigawa."

"Ameigawa. Na nusu yake akaenda nayo Tena."

"Hakuondoka na kitu. Alikuwa na kamkoba kadogo tu."

Fundi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Giga unabeba kwa mfuko ya shati, buda. Huyo dem amekucheza."

Wakanicheka wote wawili. Kichwa changu kilikuwa kimevurugika. Nilijua kuna kitu kimefichwa, na nikaambiwa kuna kitu kimepungua, lakini naapa mambo hayo mawili hayakukutana kichwani mwangu. Kilichofichwa si kimepungua. Nyumba yangu haikuwahi kupungua kwa sababu ya kabati. Tena nilikuwa nimekatazwa kusema. Nikawaambia tu, "Muulizeni yeye."

Hawakumuuliza. Fundi akachomeka disketi zake, akaandika andika kwenye kioo cheusi, kisha akasema, "Kumbe iko hapa. Alikuwa ameificha aje aichukue baadaye."

"Rudisha," shemeji akasema.

Akarudisha. Alifuta patisheni zote mbili, akaifanya diski kuwa moja, akaiwekea kila kitu upya kutoka kwenye sidii yake, na juu yake akatia mchezo wa magari kwa ajili ya watoto wa shemeji wakija kunitembelea. Giga mbili zikasomeka. Shemeji akanipiga bega. "Umeona? Mali yako imerudi." Nami nikamshukuru. Nikawaongezea chai.

Walipoondoka nikakatafuta kale kapicha. Hakakuwepo. Sikushtuka. Nikasema moyoni, si ndiyo maana kuna wa akiba? Nikachukua disketi ya mwalimu, nikawasha, ikaniuliza, nikajibu ndiyo. Ikaandika maneno ya Kiingereza. Nikajibu ndiyo tena. Maneno yale yale. Nikazima, nikawasha, nikajibu ndiyo mpaka kidole kikauma.

Nilimfuata mwalimu Tena. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba anaitwa mwizi wa giga, maana shemeji alikuwa amelisema kanisani kama kichekesho. Alikuja nami nyumbani hivyo hivyo, akaikagua mashine. Hakukaa kwenye kiti.

"Aliyefanya hivi ni nani?"

Nikamtajia.

"Imepotea?" nikauliza.

"Sijui, baba. Ukifuta patisheni hufuti vitu vilivyomo, unaziba mlango tu. Vitu vinakaa pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sasa huyu ameandika mengi. Labda sauti imeguswa, labda haijaguswa. Mimi sina ujuzi wa kuifukua. Wako watu walio nao, lakini siwajui. Usiiwashe tena. Kila ukiiwasha, inaandika."

Hebu niambie wewe uliyesoma, hilo ni jambo gani? Nikitaka mke wangu abaki, nisimtafute. Nikimtafuta, namfuta. Yumo, lakini labda hayumo, na njia ya kujua ndiyo njia ya kumpoteza. Nilimuuliza mwalimu mara nyingi, kwa maneno tofauti, nikitumaini jibu litabadilika. Alinijibu kwa upole kila mara, na kila mara nilielewa mpaka alipofika mlangoni akitoka. Nikachomoa waya ukutani, nikaifunika mashine kwa leso ya marehemu, na watu wa programu za mazishi nikawaambia waende kwingine.

Miezi ikapita. Kisha shemeji akaja peke yake, akaiangalia ile leso.

"Naona huitumii siku hizi. Watoto wangu wanaiulizia. Nitatafuta mtu wa mkokoteni."

"Huwezi kuichukua."

"Shemeji, ni mimi niliileta."

"Dada yako yumo."

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kupita. Nikamweleza yote, kaseti, waya, chumba cha nyuma, na Jumamosi ile. Nikamtajia waliokosa mmoja mmoja. Nilianza na fundi wake, nikamalizia na yeye. Akakaa kitandani.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niliambiwa imefichwa."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza. Ulikuwa na haraka ya kumkamata mwizi."

Alikaa akisugua magoti. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Alisema nini kwenye hiyo kaseti?"

Hapo nikakumbuka kwamba yeye hakuwahi kuisikia. Nikaanza kumwambia. Alimuuliza mama kama kunde zimetoa maua. Alisema yule mbuzi mweusi asiuzwe. Alisema wewe, kaka yake, uambiwe uache kuvaa tai kanisani kama mkaguzi wa shule. Niliyasema yote, nayo yakatoka makavu, kama ninasoma programu. Sikuwa na hakika tena kama mbuzi alitangulia au kunde.

"Hangesema hivyo," shemeji akasema.

"Nini?"

"Hizo kunde. Tangu tukiwa wadogo, akikuuliza kitu ni kama anakushtaki." Akainua kidevu, akasema Kikamba, kwa puani kidogo, akilivuta neno la mwisho: mama, na zile kunde, zimetoa maua, au umewaachia ndege?

Sauti ya shemeji ni nzito, haifanani na ya dada yake hata kidogo. Lakini kule kuvuta, na ile pumzi ndogo kabla ya neno la mwisho, alikuwa ni yeye. Nilikuwa nimesahau hiyo pumzi. Nilikuwa nimeisikiliza kaseti ile mpaka utepe ukalegea na bado niliisahau, na huyu ambaye hakuwahi kuisikiliza alikuwa nayo mdomoni. Mdomo ule ule uliosema rudisha. Iliniuma kuliko kama angenitukana. Sijamsamehe, na ninapoandika haya bado sijamsamehe.

Aliinuka aende.

"Kaa," nikamwambia. "La mbuzi angelisemaje?"

"Shemeji, wacha."

"Kaa, nimesema. La mbuzi."

Akavua koti, akaliweka kwenye kiti. Akafikiri sana. Akajaribu, na sote wawili tukasikia kwamba sivyo. Akasafisha koo, akaanza tena.