Bahari ya Dada Yangu

Mwezi uliopita wanangu walinipeleka kupumzika katika mji mdogo wa pwani, mahali palipotulia hasa, ambapo kazi yako ni kujinyoosha kwenye kiti na kuletewa madafu. Siku ya kwanza nilitia miguu kwenye maji, nikasimama. Ungedhani nilifurahi. Wapi! Nilichokisikia kifuani ni wivu, tena wivu wa zamani, ule wa Malaba, mpakani na Uganda, miaka ya sabini, nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Kaa nikusimulie.

Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa karibu na stesheni. Jirani yetu alikuwa karani wa reli, na watu wa reli wakati huo walikuwa na neema yao: likizo ikifika, familia nzima ilipanda gari moshi bure hadi Mombasa. Mkewe alikuwa na ndugu katika kimji fulani cha pwani, na kila Agosti walikwenda huko kupunga upepo. Sisi tulibaki tukianika mihogo juu ya mwamba na kufukuza kuku. Gari likipiga honi nilijua limewachukua, na roho iliniuma mpaka jioni.

Mwaka mmoja mke huyo wa karani alikuwa amejifungua, akaja kwa nyanya kuomba msichana wa kumbebea mtoto safarini. Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu mkubwa. Kwetu jambo kama hilo halikuamuliwa kwa maneno mengi. Msichana alipakatishwa mtoto, na mtoto akinyamaza, kazi imepata mwenyewe. Nilipewa mimi kwanza. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamrusharusha. Akalia mpaka madereva wa malori waliopanga foleni barabarani wakageuka kutazama. Dada alipompokea, kimya. Msaliti yule mdogo hata akatabasamu.

"Mama, mtoto amechagua," mke wa karani akasema.

"Basi ataenda huyu mkubwa," nyanya akajibu. "Na wewe wacha kununa, kuna maji ya kuteka."

Nilinuna vilevile. Dada alishonewa rinda jipya la maua, nami nikamwombea mvua, nikamwombea na tumbo la kuendesha. Akasafiri salama salimini. Majuma hayo niliubakiza ugali wa wimbi, hata nyanya alipoupakua na omena, dagaa wa ziwani, wa kukaanga ninaowapenda.

Aliporudi ndipo balaa lilipoanza. Jioni baada ya kula, majirani walikuja na vigoda vyao kumsikiliza. Dada alisema kwamba bahari huondoka asubuhi ikaacha mchanga mtupu, halafu hurudi bila kuitwa na mtu. Alisema wako samaki wenye rangi za leso. Nyanya, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, akamuuliza, "Na inalia aje?" Dada akafumba macho, akavuta pumzi, akaiachilia polepole, tena na tena. Mama mmoja wa kabila la Wateso aliyetuletea maziwa akaomba arudie. Hata mwalimu wetu alimsimamisha mbele ya darasa asimulie. Mimi nilijifanya nachambua mboga, lakini sikukosa hata neno. Nilimchukia, rafiki yangu, na kila jioni nilitaka aendelee.

Basi pale pwani nikampigia simu. Siku hizi anaishi Bumala na wajukuu wake. Kusema kweli nilitaka kumringia kidogo, nikamwambia nimefika kule kwake.

Akacheka. "Kwangu wapi? Mimi hiyo bahari niliona siku moja tu, mtoto akiwa mgongoni. Siku zingine ilikuwa ni kufua nepi na kukaa na yeye kwa nyumba. Hata mguu sikuweka kwa maji."

"Na zile hadithi zote?"

"Si mlikuwa mnauliza? Ningewaambia nini? Haya, wewe ndio uko huko. Niambie, iko aje?"

Nikafungua kinywa. Nikasema ni kubwa. Nikasema kuna upepo mzuri. Hapo nikaishiwa.

Lile gari moshi la abiria lilishakoma kufika Malaba, nyanya tulimzika, na wale waliokuja na vigoda wametawanyika. Jioni siku hizi kila mtu ameinamia simu yake, na ukitoka safari wanataka picha tu. Nami nilikuwa nimekaa mbele ya bahari nzima, sina mtoto wa mtu mgongoni, sina nepi ya kufua. Dada aliichungulia mara moja, akatushibisha sote kwa miaka. Nilikata simu roho ikiniuma kuliko siku ile alipopanda gari moshi akaniacha.