Diski Niliyoifungia Sandukuni

Aibu hii nimeibeba kimya muda mrefu, lakini ninyi ni wenzangu, chekeni mkitaka.

Mimi shule niliishia la tatu, jeshini wakanipa stoo, na nilipostaafu nikafungua darasa la kompyuta hapa mtaani Nateete (ndiyo, mimi, na kuchapa natumia kidole kimoja). Fundi wangu alikuwa Furaha, mama Mkongo mwenye subira, aliyejua kuunda ndani ya kompyuta moja kubwa kompyuta nyingine kumi za mazoezi, zisizoshikika kwa mkono, wanaziita mashine pepe, na ghala la kuzihifadhi lilikuwa diski ndogo ya nje.

Jumamosi jioni, Furaha ameshaondoka, nikaichomoa ile diski, nikaifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo shingoni, kwa sababu stoo ilinifundisha kwamba kitu kidogo cha bei hakilali nje. Kufika Jumatatu nimesahau (mkono ukishazoea kufunga, haukiambii kichwa).

Wazazi wamejaa kutazama darasa jipya, mwenyekiti wa mtaa kaketi mbele, Furaha anaanza kuunda mashine: kosa, ghala halipatikani. Anarudia, kosa; anawasha upya, anakagua njia ya faili, anakagua ruhusa, kosa lile lile, jasho linamtoka.

"Papa," akaniuliza polepole (ndivyo Wakongo wanavyomwita mzee), "ile diski ya nje iko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si ulikuwa nayo wewe? Fungua mkoba!"

"Mbele ya watu, Papa?"

"Mbele ya watu!"

Akaumimina mezani: kitenge, dawa ya mtoto, kipande cha muhogo kwenye karatasi. Basi.

Mwenyekiti akakohoa. "Mzee, na hilo sanduku lako je?"

"Hilo haliguswi na mtu!" nikafoka, na hapo hapo nikakumbuka, nikatamani ardhi inimeze. Nililifungua mwenyewe, wote wakitazama, na diski ilikuwa juu kabisa, juu ya mihuri yangu. Mama mmoja akacheka.

Furaha akaichomeka, akaliwasha ghala, mashine kumi zikaundika bila kosa hata moja, wazazi wakampigia makofi. Kisha akakusanya vitu vyake, muhogo ukiwa wa mwisho.

"Kesho tafuta fundi mwingine, Papa."

Msamaha nilimwomba jioni, kwa simu, mlango nimeufunga. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini wale watu hawajasikia."

Sasa anafundisha darasa jingine, mtaa wa Bukoto. Nimeapa kwamba nikimkosea mtu hadharani, nitatubu hadharani, mbele ya hao hao. Ila wale wa siku ile nitawakusanya wapi tena?